Jezi namba 44 ya Syracuse irudi uwanjani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu makala ya ukurasa wenu wa michezo iliyosema kwamba heshima ya juu kabisa ambayo timu ya chuo inaweza kumpa mchezaji wake ni kuistaafisha jezi yake, isivaliwe tena na mtu yeyote. Ninaishi Syracuse, jimbo la New York, mji ambao jambo hilo lilifanyika kwa fahari kubwa, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba lilikuwa kosa lililofanywa kwa nia njema.

Wasomaji wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu, wanivumilie kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Syracuse namba 44 hutajwa kwa staha kiasi kwamba chuo kilihakikisha tarakimu hizo zimo hata katika msimbo wake wa posta, 13244. Jim Brown aliivaa hadi mwaka 1956. Alifika chuoni bila ufadhili wa masomo kutoka kwa timu, akaondoka akiwa mkimbiaji, yaani mbeba mpira, aliyewashinda mabeki kumwangusha. Katika mechi moja dhidi ya Chuo Kikuu cha Colgate alifunga pointi 43 peke yake. Ikafuata zamu ya Ernie Davis, aliyekulia mji wa Elmira, jimbo hilihili, ambaye aliisaidia timu kutwaa ubingwa wa taifa katika msimu wa 1959, na mwaka 1961 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kupata Tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Floyd Little akaipokea mwaka 1964, na kwa misimu mitatu mfululizo akateuliwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa vyuo vyote nchini.

Mwandishi wenu aliwataja wote watatu, lakini hakugusa namna namba hiyo ilivyohama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote. Brown ni mmoja wa watu waliomshawishi Davis achague Syracuse. Davis naye akamshawishi Little. Mwaka 1962, kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa, Davis aligundulika kuwa na saratani ya damu, na tarehe 18 Mei 1963 akafariki akiwa na umri wa miaka 23. Little alisimulia baadaye kwamba kifo hicho ndicho kilichomfanya aende Syracuse, kulitimiza neno alilompa marehemu. Kwa maneno mengine, 44 haikuwa kubwa kwa sababu Brown alikuwa hodari, maana wachezaji hodari wako kila chuo; ilikuwa kubwa kwa sababu kila aliyeivaa alijua ameipokea kutoka kwa nani.

Sisi tuliolelewa katika Uswahili hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mtoto hupewa jina la babu yake, na tangu siku hiyo wao huitana somo. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", humtania, na akikosea humkumbusha kwamba mwenye jina hakuwa hivyo. Sijapata kusikia ukoo uliomheshimu babu kwa kulipiga marufuku jina lake. Hata hivyo ndivyo Syracuse ilivyofanya mwezi Novemba 2005, ilipoistaafisha rasmi jezi hiyo, ingawa tayari ilikuwa na miaka kadhaa bila kuvaliwa.

Hoja ya wanaotetea uamuzi ule, kwamba kijana wa miaka 18 hawezi kubebeshwa mzigo wa majina makubwa namna hiyo, nakiri kwamba ina nguvu. Wako walioivaa wasiwike. Lakini mwaka 1987, timu ikiwa haijafungwa msimu mzima, ilikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Chuo Kikuu cha West Virginia katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, na kocha akakataa kupiga mpira kwa pointi moja ya sare, akachagua kujaribu kuuingiza kwa mbili za ushindi. Aliyepewa mpira akauingiza, timu ikashinda 32 kwa 31, alikuwa Michael Owens, namba 44. Kama jezi ingekuwa imefungiwa kabatini baada ya Little, mji huu usingekuwa na kumbukumbu hiyo. Wapenzi wa kandanda yetu nao wana mfano wao: Argentina ilitaka kuiondoa namba 10 ya Maradona katika Kombe la Dunia la 2002, FIFA ikakataa, na miaka 20 baadaye Messi akanyanyua kombe akiwa nayo mgongoni.

Njia ya kati ipo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kuwavalisha vijana namba za magwiji wake, zikiwemo zilizokuwa zimestaafishwa, kama 98 ya Tom Harmon na 48 ya Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais wa nchi, huku jezi ikiwa na kiraka chenye jina la mwenyewe wa kwanza. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2015, jambo ambalo nadhani ni hasara, kwa sababu lile jina lililoshonwa kifuani lilikuwa linamlazimu mtazamaji kuuliza.

Sanamu hazilazimu. Syracuse inazo tatu za shaba kando ya jengo la mazoezi, nami sizichukii, ila sanamu ya Davis ya mwaka 2008 ilizinduliwa ikiwa imevaa viatu vyenye nembo ya Nike, kampuni ambayo haikuwapo enzi zake, ikabidi irekebishwe. Tena ziko habari ambazo shaba haizisemi. Mwaka 1970, chini ya kocha yuleyule aliyewafundisha hao watatu, wachezaji tisa weusi walisusia mazoezi wakidai haki sawa, na chuo hakikuwaomba radhi hadi mwaka 2006. Kijana atakayekabidhiwa 44 asimuliwe na hayo pia kabla hajaigusa.

Little alifariki tarehe 1 Januari 2021. Brown alifariki tarehe 18 Mei 2023, siku ileile aliyofariki Davis, miaka 60 baadaye. Katika wale watatu hakuna tena wa kumkabidhi mtu jezi kwa mkono wake. Aliyeivaa mwisho uwanjani, Rob Konrad, aliiacha mwaka 1998. Ndiye yule ambaye mwaka 2015 alianguka kutoka kwenye boti yake baharini huko Florida, akaogelea maili nyingi hadi ufukweni. Napendekeza chuo kimwite yeye, kimtafute mkimbiaji mmoja aliyekwisha kuonyesha bidii na nidhamu kwa walau msimu mzima, na Konrad amvalishe jezi hiyo mbele ya watu, katika mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu ujao.

Wako,
Msomaji wenu,
Syracuse, New York