Oili mbili za chensoo, na kwa nini tunakuuliza maswali kabla ya kukuuzia

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Mafinga akasema "nipe oili ya chensoo", lazima tumuulize: ya kuchanganya na petroli au ya cheni? Wengine huona tunawachelewesha. Lakini chensoo, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, ina matangi mawili, na kila tangi lina oili yake yenye kazi yake. Ukikosea ya kwanza unaua injini. Ukikosea ya pili unaua cheni, pampu na lile bamba refu ambalo cheni inazungukia. Kwa watu wanaokata misindano (paini) na milingoti (mikaratusi) ya msitu wa Sao Hill na ya mashamba ya vijijini, mashine ikilala kundi zima limelala, kuanzia mwangushaji hadi wabeba magogo.

Tuanze na injini. Pikipiki ya bodaboda ina oili yake chini ya injini, inazunguka humo wiki nzima mpaka uimwage. Chensoo haina kitu hicho. Oili pekee inayofika kwenye pistoni, ringi na beringi za krenki ni ile uliyoichanganya na petroli. Inaingia nayo, inalainisha ikipita, inaungua na kutokea kwenye ekzosi. Ukiweka petroli tupu, vyuma vinasuguana vikavu kwenye injini ambayo, kwa mashine nyingi za kazi, hufikisha mizunguko zaidi ya 12,000 kwa dakika. Hapo kunoki, yaani pistoni kukwama na injini kufa, ni suala la muda mfupi sana.

Oili inayotakiwa ni ile iliyoandikwa 2T, yaani ya kuchanganya na petroli, na iwe ya injini zinazopozwa kwa hewa. Usiishie kwenye picha iliyo mbele ya chupa. Geuza nyuma usome maandishi madogo, utafute neno JASO likifuatiwa na FB, FC au FD. Ni daraja la Kijapani la oili za injini hizi. FB ndiyo ya chini ambayo tungekushauri uiweke, FC inatoa moshi kidogo, na FD inasafisha vizuri zaidi, masizi hayagandi kwenye ringi wala kwenye tundu la ekzosi. Kwa mtu anayekata kutwa nzima, sisi tunapendekeza FD.

Ukikuta chupa imeandikwa TC-W3, hiyo ni ya injini za boti, kama zile za wavuvi wa Ziwa Nyasa. Nayo ni 2T na bei yake wakati mwingine inavutia, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chensoo inapozwa na upepo wa feni yake tu, joto lake ni kali zaidi, na oili ile haikuandaliwa kwa joto hilo. Hali kadhalika 20W-50 ya pikipiki au gari: haikutengenezwa ili iungue. Inaacha majivu, plagi inachafuka, ringi zinaganda.

Kipimo sasa. Stihl na Husqvarna, ambazo ndizo tunazozihudumia zaidi, zinaelekeza sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili ukitumia oili ya kampuni yenyewe. Maana yake ni mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwenye dumu la lita tano. Chupa moja ya lita inakutosha kwa lita 50 za petroli. Kwa oili za kampuni nyingine, vitabu vya baadhi ya mashine vinataka oili iongezwe: mililita 30 kwa lita, na kwa baadhi ya mashine za zamani 40. Fuata kitabu cha mashine yako. Kama kimepotea, tuletee mashine tuangalie namba yake.

Tunaomba sana uachane na kupima kwa vizibo. Kizibo cha chupa hii si sawa na cha chupa ile, na "viwili na nusu" vya asubuhi havifanani na vya jioni mtu akiwa amechoka. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20. Bomba moja, lita moja. Mimina nusu ya petroli kwenye dumu safi, weka oili, tikisa, kisha jazia petroli iliyobaki na utikise tena. Usichanganyie ndani ya tangi la mashine, na kila unapokwenda kujaza, tikisa dumu kwanza. Changanya ya kutosha kazi ya siku chache. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usiupe mashine.

Wapo wanaozidisha oili wakidhani wanailinda injini. Matokeo yake ni moshi mzito, plagi nyeusi yenye unyevu, ekzosi kuziba na nguvu kushuka katikati ya gogo.

Tukiletewa mashine iliyopoteza mkandamizo, tunaanza kwa kufungua ekzosi. Pistoni inaonekana kupitia tundu lake bila kubomoa chochote zaidi. Ikiwa na mikwaruzo ya wima upande huo, mara nyingi chanzo ni oili pungufu au oili isiyofaa, ingawa kabureta iliyobanwa mno au hewa inayovuja nayo huleta mikwaruzo hiyo hiyo. Tunamwita mwenye mashine aje aangalie kwa macho yake kabla hatujazungumza bei.

Upande wa cheni ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi huku kwetu, na jina lake ni oili chafu. Inapatikana gereji yoyote kwa bei ya kutupa, wengine hupewa bure, na karibu kila msitu utaikuta. Tunaelewa kwa nini. Oili ya cheni inakwenda nyingi, haizunguki ikarudi: pampu inaisukuma kwenye mfereji wa bamba, cheni inaibeba, inamwagika. Mtu anajiuliza, kwa nini nimwage pesa chini?

Ila angalia kilichomo kwenye oili chafu. Imeshafanya kazi ndani ya injini ya lori, imebeba chembe za chuma, masizi na tindikali. Chembe hizo zinapita kwenye pampu ndogo ya chensoo na kuila, zinaziba filta yake, kisha zinaingia kati ya cheni na bamba na kusaga kama msasa. Halafu oili yenyewe haina mnato unaotakiwa. Cheni ikiwa kwenye kasi inavuka mita 20 kwa sekunde, na ikifika kwenye ncha ya bamba inageuka ghafla. Oili isiyoshika inarushwa palepale, upande wa chini unabaki mkavu, na upande wa chini ndio unaokata. Oili halisi ya cheni imewekewa kitu cha kuifanya inate. Ukiigusa kwa vidole viwili na kuviachanisha, inavutika uzi.

Na kuna wewe mwenyewe. Oili chafu ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Matone yake yanarukia mikono, suruali, yanafika usoni, na mwendeshaji anakaa nayo mwilini mpaka jioni. Inayobaki inaingia ardhini, na misitu hii ndiyo inayolisha vijito tunavyochota maji. Hili tunalisema hata kwa mteja asiyenunua kitu kwetu.

Ikitokea umekwama porini na oili ya cheni imeisha, weka oili mpya ya injini, SAE 30, ambayo haijatumika. Haina ule mnato lakini ni safi, itakuvusha siku hiyo. Kama mashine yako ina skrubu ya kurekebisha pampu, iongeze kidogo. Oili ya gia usiweke, ni nzito mno kwa pampu, hasa baridi ya Juni na Julai ambapo hata oili ya kawaida inagoma kutoka asubuhi. Miezi hiyo chagua nyepesi zaidi na ulaze chupa ndani ya nyumba. Anayekwenda kukata Ifakara au Pwani kwenye joto anahitaji nzito kidogo.

Mafuta ya alizeti tunaulizwa mara kwa mara. Yanalainisha kweli, na Ulaya kuna oili za cheni zinazotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Lakini zile zina viungo vya kuzuia kuganda. Alizeti ya jikoni ikikaa ndani ya mashine wiki kadhaa bila kazi inageuka gundi, na cheni inashikana na bamba.

Kujua kama oili inafika ni rahisi. Washa mashine, elekeza ncha ya bamba kwenye kisiki kilichokatwa upya au ubao mweupe, umbali wa kama sentimita 20, bila kugusa, kisha vuta moto ili cheni izunguke kwa kasi. Ndani ya muda mfupi uone mstari wa oili umejichora. Usipouona, zima, vua bamba, safisha mfereji wake na kile kitundu kidogo cha oili. Utomvu wa misindano ukichanganyika na unga wa mbao huziba hapo kila mara. Dalili nyingine ya ukame ni bamba kugeuka rangi ya buluu kingoni, au cheni kulegea kila baada ya dakika chache kwa sababu ya joto.

Wanaopasua mbao kwa chensoo wawe waangalifu zaidi. Kupasua gogo kwa urefu kunachukua muda bila kupumzisha mashine, na bamba refu linahitaji oili zaidi kuliko la kuangushia miti. Fungua pampu mpaka mwisho. Kila ukijaza petroli, jaza na oili. Kwenye mashine iliyorekebishwa vizuri petroli huisha kwanza, oili ikiwa imebaki kidogo tangini. Ukikuta petroli imeisha na tangi la oili bado limejaa, pampu haifanyi kazi hata kama cheni inaonekana ina unyevu.

Ukija dukani, njoo na mashine yenyewe, bamba unalotumia, na kidumu cha mchanganyiko ulionao sasa hivi. Tutaangalia rangi ya plagi, tutapima pampu ukiwa umesimama hapo, na tutakuambia kama unahitaji kununua kitu au la.