Barua kwa Rehema: picha ya sebuleni

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na hongera kwa nyumba ya Dodoma. Unasema una laki moja na nusu na unataka picha ya ukutani, ila hujui pa kuanzia. Nakuomba jambo moja tu: usinunue yale mapicha ya maporomoko ya maji yenye saa ndani yake. Mimi hata kwa bure siyatundiki.

Ukija Dar nitakupeleka Oysterbay, kwenye ushirika wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores. Wachoraji wenyewe wamekaa palepale na brashi zao, utamuuliza mwenye kazi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza. Mtu akikuonyesha picha yenye sahihi yake na kuitaka hiyo laki yako, cheka upite. Za mkono wake ni adimu na bei yake siyo yetu.

Utakuta twiga, twiga, na twiga tena, Kilimanjaro nyuma yao. Usichukue wa kwanza. Zunguka mpaka uone aliyechora kitu chake: foleni ya hospitali, harusi, mashetani wanagombea samaki. Halafu sogea karibu utazame madoa na manyoya. Mwenye subira anaweka nukta moja moja. Aliyekimbizana na watalii utamjua, nukta zimevujiana. Mimi hapo ndipo ninapoamua, siyo kwenye ukubwa. Kwa pesa yako, ndogo iliyochorwa vizuri ni bora kuliko kubwa ya haraka haraka.

Siku hizi wanachora kwenye kitambaa, na rangi hiyo ya baiskeli huchelewa kukauka. Gusa pembeni, ikinata, waachie waimalizie, ukiiviringisha itajigandia yenyewe. Ikikauka iviringishwe rangi ikiwa nje, na karatasi juu yake, utaingia nayo kwenye treni ya SGR bila shida. Hakikisha kitambaa kimebaki cheupe kidogo kuzunguka picha, la sivyo fundi wa kuiwamba kwenye mbao atakosa pa kupigia misumari na atakula kichwa cha twiga. Hela ya fundi itenge mapema.

Vinyago vya Mwenge tuviache safari hii. Mpingo halisi ni mzito ajabu, hata majini unazama, lakini kuna miti mingine inayopakwa dawa ya viatu na wewe bado hujazoea kuitambua. Tukipata nafasi tupite Nafasi Art Space, Mikocheni, uone vijana wanafanya nini siku hizi, hata kama hununui.

Nitumie upana wa ukuta juu ya kochi, kwa sentimita, siyo kwa mikono kama ulivyofanya kwenye mapazia. Na tukifika kwenye bei, wewe nyamaza kabisa, niachie mimi.

Wako,
Mwajuma