Wanachuo wa ualimu waandike kilichotokea darasani

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi hapa Moshi, na msimu wa BTP (Block Teaching Practice) ukifika hupokea wanachuo wa ualimu wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Ni vijana wenye bidii. Andalio la somo huja limepigiwa mistari kwa rula, azimio la kazi, yaani mpango wa mada zitakazofundishwa, limekamilika, zana zimechorwa vizuri kwenye manila. Lakini ukishuka chini kabisa ya andalio, kwenye tathmini na maoni, unakuta maneno yaleyale kila ukurasa: "Somo limeeleweka vizuri." "Wanafunzi wengi wamefikia lengo." Wapo wanaoyajaza hata kabla kipindi hakijaanza.

Naumia nikiyaona, kwa sababu sehemu hiyo ndogo ndiyo ingemfundisha mwanachuo mambo ambayo mimi siwezi kumfundisha.

Chukua kipindi cha kujumlisha sehemu. Mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3, anaandika 2/5: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mwanachuo akiandika "wengi wameelewa", kesho anaingia na mada mpya na kosa linabaki kichwani mwa mtoto. Akiandika kwamba dawati baada ya dawati walipata 2/5, itabidi ajiulize wamefikaje huko. Pengine aliwapa mapema mno kanuni ya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili), hawajapata nafasi ya kuona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 waliyoanza nayo. Wameongeza, kitu kimepungua! Hapo pana somo zima la kesho, na huenda akalianza kwa chungwa na kisu, kanuni ikafuata baadaye.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza tangu 1910 kwamba kufikiri kwa kina huanza pale mtu anapokutana na jambo linalomtatiza. Mwaka 1983 Donald Schön, mwanafikra mwingine wa Marekani, akatofautisha kutafakari kazi ikiendelea na kutafakari baada ya kazi. Kwa mwanachuo aliyesimama mbele ya darasa lililofurika, hilo la kwanza ni gumu sana. La pili analiweza, ilimradi aandike siku hiyohiyo, maana akilala tu, kipindi kinageuka kuwa "kilikwenda vizuri". Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka elimu ijenge akili ya kudadisi. Mtoto ataipata wapi kama mwalimu wake hajawahi kuidadisi kazi yake mwenyewe?

Ombi langu kwa wakufunzi wa vyuo vyetu, Marangu, Patandi, Monduli na vinginevyo, ni daftari la kawaida. Jioni mwanachuo aandike ukurasa mmoja kwa lugha yake ya kila siku: nini kilitokea, anadhani ni kwa nini, kesho atabadilisha nini. Majina ya watoto asiyaandike.

Halafu, na hili nalisisitiza, daftari lisomwe na wanachuo wenzake walio shule hiyohiyo, nao waandike jibu pembeni. Anayejua mwenzake atasoma huandika kwa kueleweka, na mara nyingi katikati ya kueleza ndipo anapogundua alipokosea. Mwenzake naye huenda alikwama palepale juzi na ana njia ya kumwonyesha.

Najua wengi watasema kazi za kuandika zimeshazidi: andalio, azimio, shajara ya somo. Ni kweli, na wathibiti ubora wanaokagua shule wanazidai zote. Basi zile sentensi za mazoea zifutwe, muda wake uende kwenye ukurasa huu.

Mkufunzi naye alisome, ila asilitolee maksi. Hakuna kijana atakayeandika kwamba kipindi kilimshinda ikiwa anayesoma ndiye anayeshika kalamu nyekundu. Maksi zibaki kwenye andalio na ufundishaji; daftari lisomwe, lijibiwe, lirudi kwa mwenyewe kabla ya kipindi kinachofuata.

Mwalimu wa Hisabati,
Kiboriloni, Moshi