Sio kemo inayomaliza damu, ni kansa yenyewe

Mhariri, naomba kanafasi kidogo niongee na ndugu zangu wa Busia, Malaba mpaka Kampala, hasa nyie mnaouguza mtu wa kansa ya tumbo. Huku kwetu kuna maneno yanazunguka eti kemo, zile dawa za kuua kansa, ndio inamaliza watu damu, mgonjwa akianza tu kutoka damu kwenye fizi familia inasema basi tumtoe hospitali twende kwa mitishamba. Jamani, msifanye hivyo.

Kaka yangu yalimkuta hayo, kansa ilikuwa imeshasambaa na hata kemo hajaanza, akichomwa sindano damu haikomi, unakandamiza pamba inalowa unaweka nyingine nayo inalowa, na wakati huohuo mguu mmoja umevimba kwa damu iliyoganda ndani. Sasa inagandaje na huku inamwagika? Daktari akatueleza kwamba kansa inaachia vitu vinavyoifanya damu igande ovyo, mabonge madogo madogo ya damu kwenye mishipa mwili mzima, pletileti, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zinatumika huko zinaisha, kwa hiyo pale kwenye kidonda hakuna cha kuzuia tena. Na sio jambo la jana, Mfaransa mmoja daktari Armand Trousseau alishaeleza habari ya damu kuganda kwa watu wa kansa mwaka 1865, na yeye mwenyewe akaja kufa kwa kansa ya tumbo 1867.

Kemo nayo inashusha pletileti, hilo sikatai, ndio maana wanapima damu kabla ya kila dozi. Lakini kama chanzo ni kansa utaongeza damu leo kesho imeisha, lazima kansa yenyewe ipigwe. Kaka alianzishiwa kemo huku anaongezewa pletileti na fizi zikakauka. Hajapona, kwa hatua ile hatukuahidiwa kupona, ila uji anakunywa na wanae anaongea nao. Na tafadhali msijinunulie asipirini au dawa za kulainisha damu famasi, kwa mtu kama huyu ni hatari sana.

Kilichotutesa zaidi ni kutafuta pletileti, maana zinakaa kama siku 5 tu, huwezi kuziweka akiba kama unga. Ndio naomba gazeti lenu litoe kila wiki siku na mahali pa kuchangia damu, hata kwenye kona ndogo.

Msomaji wenu, Busia