Salamu za Diwali, na neno juu ya Gori

Ndugu, jamaa, majirani wa Langoni hapa Mombasa, na nyote mlio mbali, Nairobi, Thika, Dar es Salaam, Leicester na London: Jai Jinendra. Diwali njema kwenu na kwa watoto wenu. Mwaka wa 2552 wa Vira Nirvana, kalenda yetu Wajaini, uwaingie kwa afya, vitabu vya hesabu vifunguliwe kwa heri, madeni yapungue, na kila mkono upate kazi.

Mwaka tunaoufunga ulikuwa mzito. Samli haishikiki, sukari imepanda, na korosho zetu wenyewe za Pwani tunazinunua kwa kuzihesabu. Nyumba nyingi zitatengeneza ladu nusu ya zile za mwaka jana, na hilo si aibu. Wapo pia waliotutoka, na viti vyao vitaonekana zaidi usiku huu kuliko usiku mwingine. Ba, mama yetu, taa ya kwanza mlangoni ni yako. Imekaa juu ya kisahani, si juu ya jiwe tupu, kama ulivyotaka.

Pale Langoni tunasimama mbele ya Parshvanath, mwalimu wa 23 wa dini yetu, katika hekalu la 1963, sakafu yake imepigwa deki kabla jua halijachomoza. Parshvanath ana nyumba nyingine, kongwe zaidi, isiyo na wa kuipiga deki. Ni Gori, katika jangwa la Thar, upande wa Nagarparkar mkoani Sindh, Pakistan, jirani na uwanda wa chumvi uitwao Rann ya Kutch. Ilijengwa mwaka 1375 au 1376: kumbi zinazofuatana, nguzo za marumaru zilizochongwa, vijumba 52 kuizunguka, kila kimoja na kuba lake dogo, na picha za rangi ndani ya kuba la kuingilia. Wazee wetu husimulia kwamba kabla ya Halar na vijiji vyetu 52 huko Gujarat, India, kabla hata ya Kutch, safari ya Waoshwali, jamii yetu, kutoka Osian huko Rajasthan ilipitia Sindh. Basi Gori si habari ya watu wengine.

Huko Bodhesar, chini ya milima ya Karoonjhar, yako mahekalu matatu. Moja lilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Mengine mawili yamewahi kufungiwa mifugo. Karibu yake, kando ya bwawa, upo msikiti wa kale wa marumaru nyeupe, na ukitazama kuba na nguzo zake unaona mtindo uleule wa mahekalu. Baada ya 1947 Wajaini wa Nagarparkar walihama. Mwaka 2016 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, jambo la kushukuru, ila orodha ya awali haileti fundi wala mlinzi. Ni nchi kutamka kwamba hapa pana kitu.

Kinachoangusha jengo kama hilo huanza kidogo mno. Ndege anatua juu ya kuba na kuacha mbegu ya mpipali, mti wa jamii ya mtini, katika kiungo cha mawe. Mche ukiwa bado mwembamba kuliko kidole cha mwisho, mtu mmoja anaung'oa kwa mkono, asubuhi baada ya mvua, kisha anaziba tundu. Ukiachwa misimu michache, mzizi unanenepa ndani ya ukuta na kuyasukuma mawe nje. Hapo kuukata juu hakusaidii, kwa sababu unachipua upya kwa nguvu zaidi. Na ukiuvuta, unakuja na ukuta. Inabidi kuchubua gome kulizunguka shina mpaka mti ufe, kuyapa mawe namba kwa chaki, kuyashusha moja moja kuanzia juu, kuutoa mzizi, na kulirudisha kila jiwe mahali pake. Kazi ya asubuhi moja imegeuka kazi ya miezi, yenye jukwaa na winchi.

Mvua ya Thar ni chache, lakini ikija, kati ya Julai na Septemba, huja kwa kishindo. Ikipata ufa juu ya kuba inaingia katika kifusi kilichojazwa kati ya mawe ya nje na ya ndani, na huko haitoki upesi. Inapokauka inaisukuma chumvi hadi usoni mwa jiwe. Chumvi ikiganda chini ya ngozi ya jiwe, ngozi hubanduka. Ukipitisha kidole juu ya mchongo ulioshikwa na ugonjwa huo, chembe hubaki kidoleni kama sukari. Lilikuwa ua, au mkono wa mcheza ngoma, na limeondoka na kidole chako.

Ndipo wenye nia njema wanapofika na saruji. Mnisikilize hapa hasa, kwa kuwa kosa hili linarudiwa kila mahali. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la kale na haipumui. Maji yaliyo ndani yanakosa pa kutokea ila kupitia jiwe lenyewe, na jiwe ndilo linalomomonyoka huku saruji ikibaki imesimama kama mbavu. Kiungo cha kale huzibwa kwa chokaa, na watu wa Pwani mnaijua chokaa. Izimwe, iloweshwe shimoni wiki mbili kwa uchache, mwezi ni bora. Sehemu 1 ya chokaa, 1 ya unga wa matofali yaliyochomwa, 1 na nusu ya mchanga uliooshwa mpaka hauna ladha ya chumvi. Kiungo kichokolewe kwa kijiti, si kwa patasi ya chuma, hadi kina chake kiwe mara mbili ya upana. Kinyunyiziwe maji, kishindiliwe kwa tabaka, kisha kifunikwe gunia bichi siku 7. Wanaoliachia jua la jangwani liikaushe kazi kwa siku moja huona nyufa, halafu husema chokaa haifai.

Picha za kubani zisiguswe kwa maji wala sabuni. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini na mtu aliyefunzwa, au liachwe. Na taa, ndugu zangu, hata taa ya ibada: moshi wake hupanda na kutanda juu ya rangi, na samli ikimwagika, marumaru huinywa na kubaki na doa la manjano lisilotoka. Taa ya Diwali katika nyumba kongwe ikae nje kwenye ngazi, juu ya kisahani cha udongo.

Tumefundishwa kuwa jirnoddhar, yaani kukarabati hekalu la kale, ina thawabu mara 8 kuliko kujenga hekalu jipya. Lakini tujiulize tunafanya nini kwa jina hilo. Mara nyingi tunabomoa cha kale na kusimamisha marumaru mpya yenye majina ya wafadhili. Hekalu la Bhadreshwar, Kutch, liliangushwa na tetemeko la 26 Januari 2001, na lililosimama leo ni ujenzi mpya. Pale ardhi ndiyo iliyoamua. Kwingine tunaamua sisi, na mchongo wa miaka 600 unaishia kuwa kifusi cha barabara. Michango yetu huwaka siku ya uzinduzi na kuzimika kesho yake, ilhali jengo la mawe linaishi kwa mshahara wa mtu mmoja anayefagia, anayepanda juu ya paa mwezi Mei kabla ya mvua na tena Oktoba baada yake, na kuandika alichokiona. Gori haikukosa dhahabu. Ilikosa mtu huyo.

Gori iko ng'ambo ya mpaka ambao wengi wetu hatutauvuka. Wanaoishi karibu nayo leo ni Waislamu na Wahindu wa Thar, na kila jiwe lililobaki limebaki mikononi mwao. Tuwataje kwa heshima. Vijiji vya Halar, hata hivyo, vinafikika, na derasar zake, yaani mahekalu yetu, zina kufuli ambazo funguo zake ziko Nairobi na London. Mwenye ufunguo amlipe anayefagia. Mwenye shamba asiuze jiwe lililochongwa. Mwenye sanamu ya kale nyumbani aulize ilikotoka.

Wagonjwa wapate nafuu, watoto walio katika mitihani wafaulu, walio safarini wafike salama. Gyan Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, tukutane Langoni, na mje na picha za kale za vijiji na mahekalu. Nyuma ya kila picha tutaandika jina la kijiji na mwaka kwa penseli, kwani wino hupenya upande wa pili.

Saal Mubarak.