Mlango wa treni usiachiwe abiria

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee milango ya mabehewa ya zamani, haya ya reli ya kati ile ya mkoloni inayokwenda bara, Tabora, Kigoma na Mwanza. Siku hizi stori zote ni SGR, ile reli mpya ya kisasa, na kweli tangu Julai 25, 2024 treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma tumepata nafuu kubwa, ukipanda mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, milango inajifunga yenyewe we huna kazi nayo. Ila wa kwenda Kintinku, Saranda, Itigi na kuendelea huko wanapanda behewa lenye mlango wa kuvuta kwa mkono, na kama hakuna aliyeufunga basi unabaki wazi hivyo hivyo usiku kucha.

Ninachosema ni kimoja, mlango wa treni inayotembea asiachiwe abiria aliyekaa karibu nao. Ukiongelea hili utaambiwa abiria wawe makini, abiria wasikae mlangoni. Sawa, wawe makini, lakini hebu mtu apande daraja la tatu mwezi wa kumi halafu treni isimame juani pale Bahi kusubiri kupishana na nyingine, maana njia ni moja. Mmebanana, watoto wanalia, jasho linatiririka, lazima kuna mtu atafungua mlango watu wapate hewa. Treni inaondoka mlango uko wazi, aliyeufungua kesharudi kukaa au keshashuka zake, na anayekuja baada yake hajui kitu. Na choo kiko pale pale mlangoni. Usiku mama anamtoa mtoto kwenda haja, taa haiwaki, behewa linayumba, chini kuna magunia na madumu ya watu, anakanyaga juu ya mizigo akitafuta pa kujishikiza, na cha kushika kilicho karibu ni huo huo mlango. Huyo mama awe makini vipi tena zaidi ya hapo?

Mimi nafanya biashara ya dagaa, nakaa sana sehemu hizo za mlangoni kuulinda mzigo, kwa hiyo vitasa nimeviangalia vizuri. Kuna kimoja ulimi wake ulikuwa umelika kona mpaka umekuwa mviringo, na tundu la kwenye fremu limepanuka, ukiubamiza mlango unasikia kabisa "ka!" unajua umefunga, kumbe ulimi umeshika nchani tu. Treni ikiingia kwenye kona mlango unaanza kucheza, unacheza, unacheza, mwisho unaachia wenyewe. Kuna kijana akaufunga kwa waya, tukaenda na ule waya mpaka kunakucha, na watu wamelala chini futi mbili kutoka hapo.

Uingereza wamepitia haya haya. Mabehewa yao yaliyoanza kutengenezwa 1951, wanayaita Mark 1, yalikuwa na milango ya kubamiza kwa mkono, mengine ili ufungue ukiwa ndani unashusha kioo unatoa mkono nje kutafuta mpini. Na kitasa chake kilikuwa na hatua mbili, kikishika ile ya kwanza mlango unaonekana umefungwa wakati bado. Watu wakawa wanadondoka, mpaka mamlaka yao ya usalama, HSE, ikachunguza na kutoa ripoti mwaka 1993 kuhusu abiria kuanguka kupitia milango. Miaka hiyo hiyo ya tisini treni zao za masafa marefu zikafungwa loki za pamoja, yaani milango ikishabamizwa gadi, msimamizi wa treni, anabonyeza sehemu moja loki zote zinashika, haifunguki mpaka treni isimame na yeye aachie. Hapa ndipo nawaomba wakubwa wasome mara mbili, mabehewa yalikuwa ya zamani, milango ile ile ya kubamiza, wakaongeza loki juu yake. Hawakukaa kusubiri mabehewa mapya. Yale ambayo hayakuwekwa loki sheria ya 1999 iliyawekea ukomo, na kufika mwisho wa 2005 yalikuwa yametoka kwenye safari za kawaida pale London.

Na bado dirisha la mlangoni likawaponyoka. Desemba 1, 2018 karibu na mji wa Bath abiria alitoa kichwa kwenye dirisha la mlango akapigwa na tawi la mti, akafariki. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa, na tangazo la kukataza lilikuwepo pale pale limebandikwa. Kwa hiyo wanaodhani stika itatosha waangalie hilo, sisi huku vijana wanatoa vichwa kutwa na reli yetu kuna sehemu miti na miamba iko karibu kabisa.

Sasa nimesikia wengine wanasema dawa ni kufuli, milango yote ipigwe kufuli treni ikianza safari. Hapana jamani, hilo silikubali hata kidogo! Februari 2002 treni ya daraja la tatu ilishika moto kule Misri, madirisha yana nondo, watu hawana pa kutokea, wakafa zaidi ya 360. Mwaka huo huo mwezi wa Juni sisi tukapata ya Igandu hapa hapa kwetu Dodoma, treni ilirudi nyuma ikaenda kugonga ya mizigo, watu 281 wakafa. Ile ya kwetu haikuwa habari ya milango, lakini aliyeishi Dodoma siku zile anajua behewa likipinduka mtu anatakiwa atoke upesi kwa njia yoyote iliyopo. Kwa hiyo loki iwepo, na kando yake uwepo mpini wa dharura umepakwa rangi nyekundu, wa kuvunja kifuniko chake kwanza, ili usivutwe kwa mchezo.

Na hewa pia ifikiriwe. Mumbai, India, treni zao za mjini watu wananing'inia mlangoni miaka nenda rudi, Juni 9, 2025 pale Mumbra wakadondoka kadhaa wakati treni mbili zinapishana kwenye kona, wasiopungua wanne wakafa. Baada ya hapo ndio wakasema treni mpya ziwe na milango ya kujifunga, na swali la kwanza likawa watu watapumuaje kama hakuna AC, ikabidi wapange matundu ya hewa kwenye milango na feni za kuvuta hewa juu ya paa. Bahi na Manyoni joto lile lile. Ukifunga milango bila kurekebisha madirisha yaliyokwama, na yapo mengi hayashuki hata ukiyaning'inia, abiria watavunja hizo loki ndani ya mwezi na mimi sitawalaumu.

Najua loki za umeme ni hela, na mabehewa yenyewe mengine hata taa ni shida. Basi wakati hizo zinatafutwa kuna mambo ya wiki hii. Kila mabehewa mawili yawe na mhudumu ambaye milango ni kazi yake, aisukume mmoja mmoja kwa mkono baada ya kubamiza, asiamini mlio, na gadi asipeperushe bendera mpaka awe amepata jibu kutoka kwa wahudumu wote. Kwenye kupishana mhudumu afungue upande wa stesheni tu, maana watu wanashuka upande wa pili kujisaidia au kununua kuku na karanga na huko ndiko treni nyingine inakotokea. Kwenye vituo vidogo ambako mabehewa ya mwisho yanabaki nje ya jukwaa, watu watangaziwe mapema wahamie mbele, bibi wa miaka sabini asirushwe kwenye kokoto saa tisa usiku na kapu lake. Ulimi wa kitasa ni kipande kidogo cha chuma, fundi wa pale Majengo anakuchongea ukisubiri, sielewi kwa nini treni iondoke na waya.

Na ndani ya kila behewa, pale pale mlangoni, iandikwe namba ya simu na namba ya behewa kwa maandishi makubwa, ili abiria akiona kitasa kibovu Saranda apige, na treni ikifika Tabora fundi awe anasubiri na anajua ni mlango gani.

Msomaji wenu,
Soko la Majengo, Dodoma