Mdogo wangu, usimpandishe mtu kwa winchi ile

Sheffield, Jumapili usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kung'ata. Nifikishie shikamoo kwa Baba na Mama, na mwambie Mama ile dawa ya kifua aliyonifungia nimeitumia yote. Barua hii isome ukiwa umekaa na Baba, maana sehemu kubwa yeye ataielewa kuliko wewe.

Video uliyonitumia Ijumaa nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza nilijivunia. Nilikuona umesimama katikati ya ukumbi pale Tabata, umevaa ovaroli safi, winchi imefungwa kwenye boriti ya chuma, na kiti cha maua kinapanda hadi karibu na dari kikiwa na mfuko wa saruji juu yake. Mara ya pili ndipo nikasikia ulichokuwa unasema: mfuko ule unashika nafasi ya bibi harusi, kwamba Jumamosi ya wiki mbili zijazo atashuka kutoka juu huku muziki unapigwa, na kamati imeshatoa malipo ya awali.

Naomba usifanye hivyo. Ningekupigia, lakini kwenye simu tungebishana na salio likaisha kabla sijafika kwenye breki. Kwa barua hii ninayokutumia kwenye simu utanisoma mpaka mwisho.

Winchi ile naijua. Ni ya mafundi ujenzi, ya kupandishia zege na matofali ghorofani, ukishuka kwenye maduka ya Gerezani huikosi. Kibao chake kinasema kilo 200 kwa waya mmoja, na 400 waya ukipitishwa kwenye roda, kile kigurudumu cha kupitishia waya, ukarudi juu. Wewe unasema bibi harusi hafiki hata kilo 70, tatizo liko wapi? Hesabu hiyo ni ya matofali. Kwa mtu tunaanza upya.

Jumlisha kila kinachoning'inia: yeye, gauni, kiti, fremu, maua. Tuseme kilo 120. Karakanani kwangu, tunakojenga mitambo ya kunyanyulia vitu na watu majukwaani, waya unaobeba mtu, au kitu kinachopita juu ya vichwa vya watu, sharti uwe wa kukatika kuanzia mara kumi ya uzito ule, yaani kilo 1,200 kwenda juu. Hapo waya bado ni mpya, haujachakaa, haujapindwa kwenye kona ya boriti kama ulivyoupinda wewe. Halafu irudie video yako pale unapobonyeza kitufe. Maua yanaruka. Mota ile inaanza kwa nguvu zake zote kwa mpigo mmoja na kusimama kwa mpigo mmoja, na kila mpigo unaongeza uzito ambao kibao hakikuuhesabu.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni breki. Winchi ile ina breki moja, imekaa nyuma ya mota. Kati ya breki na ngoma inayokunja waya kuna giaboksi. Jino la gia likivunjika, breki itabaki imeikaba mota barabara, na ngoma itajizungukia yenyewe huku mtu anashuka kwa uzito wake. Hutakuwa na la kufanya, kitufe kiko mkononi mwako na hakifanyi kitu. Mtambo wa kubebea mtu tunaoujenga hapa una breki mbili, ya pili tunaifunga upande wa ngoma, na kila moja peke yake lazima ishike mzigo wote. Tunazijaribu moja moja, nyingine ikiwa imefunguliwa. Zote ni za springi: umeme ndio unaozifungua, kwa hiyo umeme ukikatika zinakaba zenyewe.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kuwaambia nyumbani.

Mwaka wa pili tangu nifungue karakana, tulijenga mtambo wa kupandisha mandhari ya mchezo kwenye ukumbi wa mji mmoja wa huku. Mzigo wa kilo 250. Kwenye mitambo hii kuna kifaa kidogo kinaitwa enkoda, kinahesabu mizunguko ya ngoma, na kompyuta inajua mzigo uko wapi kwa kukisikiliza hicho tu. Enkoda ile ilishikwa kwenye shafti na skrubu ndogo kama punje ya mchele. Niliikaza mimi mwenyewe, saa nne usiku, bila kuitia gundi ya nyuzi, ile inayozuia skrubu isilegee. Siku ya mazoezi skrubu ikalegea. Kompyuta ikaamuru mzigo upande, ngoma ikazunguka, enkoda ikatulia tuli. Kompyuta ikaona mzigo haujasogea, ikaongeza nguvu. Ikaongeza tena. Mandhari ikapaa kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na kilichoiokoa ni swichi ya mwisho kabisa kule juu, ambayo haimuulizi kompyuta wala mtu. Inakata umeme moja kwa moja. Breki zikauma, mzigo ukasimama sentimita 30 chini ya boriti. Jukwaani hapakuwa na mtu, maana sheria yetu ni kwamba mtambo mpya haujaribiwi watu wakiwa chini yake.

Niliketi kwenye sakafu ya jukwaa nikalia mbele ya vijana wangu watatu. Tangu siku ile kila mtambo wetu una enkoda mbili zinazolinganishwa, na zikitofautiana kidogo tu mtambo unajisimamisha. Kila skrubu na kila bolti tukishaikaza tunaipiga mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Mstari ukivunjika, unajua imelegea, hata ukiitazama kutoka chini kwa tochi. Hili la rangi lianze kesho kwenye kazi zako zote, hata mageti. Chupa moja ya rangi ya kucha inatosha.

Baba, najua hapa umetikisa kichwa. Wewe ulikuwa unayafanya haya bandarini kabla sijazaliwa. Nakumbuka ulivyokuwa unapitisha kitambaa kwenye waya wa winchi kabla ya zamu, polepole, na pale kinaponasa unasema uzi umekatika ndani. Nilipofika huku nikiwa kibarua kwenye karakana ya watu, mzee wa kazi alinipa kitambaa cha pamba akanifundisha jambo lile lile. Nikamwambia nimeshafundishwa. Na huku wanasimulia kwamba watu wa mwanzo kuvuta kamba za mapazia kwenye kumbi za Uingereza walikuwa mabaharia, na ndiyo maana hadi leo kupiga mluzi ndani ya ukumbi ni mwiko, kwa kuwa mabaharia waliashiriana kwa mluzi na mzigo ungeweza kukushukia kichwani. Niliposikia nikamkumbuka Babu na jahazi lake la kupakia boriti za mikoko kutoka Rufiji. Henza ya kupandishia tanga, roda, foromali ya kufungia tanga: kazi yangu yote imo humo. Tanga linapanda kwa kamba na roda, mandhari inapanda kwa kamba na roda.

Turudi kwenye harusi. Huku kuna sheria ya mwaka 1998 inayodai kifaa cha kunyanyulia watu kikaguliwe na mtaalamu kila miezi sita, na cha kunyanyulia vitu kila miezi kumi na miwili. Mtambo usipokuwa na cheti cha ukaguzi hakuna ukumbi utakaougusa. Nusu ya wiki yangu ni makaratasi haya, na nusu ya pili ni kudai fedha: chuma nakilipia leo, mteja analipa baada ya siku 60. Kuna mwezi niliwalipa vijana kwanza, kodi ya nyumba ikasubiri. Kwa hiyo nakuelewa unaposema malipo ya awali ya kamati yameshaingia kwenye winchi. Fedha hiyo nitaifidia mimi. Winchi yenyewe haipotei, fundi yeyote wa ghorofa Kinyerezi ataikodi kwako kwa kazi yake halali.

Na kamati usiirudie mikono mitupu. Wajengee jukwaa linalozunguka. Japani walianza kutumia jukwaa la namna hiyo mwaka 1758 kule Osaka, kazi ya mwandishi wa michezo anayeitwa Namiki Shozo, likisukumwa na wanaume waliojificha chini. Likikorofisha, linasimama tu, na bibi harusi anabaki amesimama mahali pake.

Fanya hivi. Duara la upana wa mita 3. Katikati weka habu ya nyuma ya gari na beringi zake, utaipata kwenye spea za mtumba, ichomelee kwenye bamba zito la chuma ili isitembee. Fremu iwe ya skwea paipu ya milimita 40, ikitawanyika kutoka katikati kama tindi za baiskeli. Juu plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili, na maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Magurudumu yawe yale yasiyogeuka, yafungwe kwenye fremu, na ekseli ya kila gurudumu ielekee katikati kabisa. Ukikosea hapo litapiga kelele na kukaza, na kelele hiyo utaisikia hata taarabu ikiwa inapigwa. Sakafu isawazishe kwa pima maji kabla ya yote.

La kulizungusha ni mota ndogo yenye giaboksi, inayosukuma ukingo kwa tairi dogo la mpira lililobanwa na springi. Weka invata, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, ili lianze polepole kwa sekunde tano na lisimame polepole vilevile. Mzunguko mmoja kwa dakika unatosha. Ukingo wa duara lako una mita 9.4, kwa hiyo mtu aliyesimama pembeni atasogea sentimita 16 hivi kwa sekunde, polepole kuliko anavyotembea Bibi kwenda msikitini. Kitufe kiwe cha kushikilia: kidole kikiachia, jukwaa linasimama. Anayekishika asifanye kazi nyingine yoyote, asipige picha, asipokee simu, macho yake yawe kwa maharusi.

Na sasa nakuomba unisikilize sana kuhusu shela. Kwenye jukwaa la kuzunguka hatari kubwa ni nguo. Mkia wa shela ukidondoka ukingoni ukaingia kwenye tairi la mota, utamvuta bibi harusi shingo. Kwa hiyo mota ifunikwe yote kwa boksi, ukingo wote uzungushiwe sketi ya plaiwudi nyembamba, na upenyo kati ya jukwaa na sakafu ya pembeni usiruhusu hata kidole cha mtoto. Mfanye yule dada wa mapambo awe rafiki yako. Mwambie avae gauni yeye, muweke juu, zungusha mara kumi, tazama nguo inakwenda wapi.

Ukitaka kitu kishuke kutoka juu, shusha taa au maua, meza za wageni zikiwa mbali na pale chini, na kisishuke mpaka kila mtu awe ameondoka eneo hilo. Hata hicho, nitumie mchoro kwanza.

Najua umechoka kusubiri. Najua ulianza kupenda jambo hili siku tuliyokwenda pamoja tamashani Bagamoyo na wewe ukakaa kuwatazama wale wanaohamisha vitu vya jukwaani kuliko wachezaji. Mimi ilinitokea hivyo hivyo kwenye safari ya shule, kwenye ukumbi wa zamani wa Chuo cha Sanaa, kabla haujaungua mwaka 2002. Nenda pale TaSUBa, kama chuo hicho kinavyoitwa sasa, siku moja, omba kuonana na watu wa jukwaa, wabebee hata nyaya. Ukimaliza chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe nitakutafutia nafasi ya kuja kukaa nasi miezi mitatu. Na winchi ya kunyanyulia mtu tutaijenga wote wawili, hapo Dar, kwa breki mbili, tuipakie asilimia 125 ya mzigo wake mbele ya Baba, na yeye ndiye atakayesema imefaa.

Nimempa jirani anayesafiri wiki ijayo kifurushi chako. Kuna chupa mbili za gundi ya nyuzi, ufunguo wa kupimia ukazaji wa bolti, na swichi nne za kikomo, za kukata umeme mzigo ukifika mwisho. Kitambaa cha kijani ni cha Mama.

Kwa kamati useme hivi tu: nilikubali kabla sijakagua, nimekagua, haiwezekani, na hiki ndicho ninachoweza. Sema mapema, kesho Jumatatu, wapate muda wa kukasirika na kutulia. Nitakupigia Jumanne saa tatu usiku ya huko, uwe na vipimo vya mlango wa ukumbi, maana duara la mita 3 litabidi liingie vipande vipande.

Jambo moja haliwezi kungoja Jumanne. Kwenye video ile, mwishoni, nyuma yako, kuna mtoto wa miaka saba au minane ameshika kiti cha maua anakitikisa. Nenda usiku huu huu ukaifungue winchi kutoka kwenye boriti, uishushe chini, uondoke na rimoti yake. Kisha nitumie picha ya boriti ikiwa tupu.

Nakupenda sana.

Dada yako